Barua kwa mwanangu: kwa nini ulikuta wageni chumbani kwako

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila goti tu linanisumbua baridi ikianza. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikanuna, mara ya tatu nikaona bora nikuandikie, maana kwa simu utanikatiza kabla sijafika popote.

Najua kilichokuuma. Ulikuja Jumamosi bila taarifa, ukakuta chumbani kwako masanduku ya watu usiowajua, mama wa makamo amekaa kitandani kwako anashona, nami nikakulaza kwenye kochi. Ulipofika Rotterdam ukanitumia hili: "Mama, hawa watu wanakusaidia nini? Wanakuja, wanakula, wanacheza ngoma zao, wanaondoka. Tena hiyo Ulaya ni yao. Wewe mtu wa Wete unaingiaje humo?"

Hayo ni maswali mawili. La pili ndilo lililoninunisha, kwa hiyo naanza na la kwanza.

Mwaka 1989, katika kijiji cha Cissé huko Ufaransa, karibu na Poitiers, vijiji vya nchi 12 vilitia saini mkataba wa urafiki na kutembeleana. Nchi za Jumuiya ya Ulaya wakati huo zilikuwa hizo 12 tu. Sharti lilikuwa kila nchi iwe na kijiji kimoja, basi. Mji mkuu haumo. Jumuiya hiyo, baadaye Umoja wa Ulaya, ilivyopanuka, mkataba nao ukapanuka: mwaka 2004 nchi 10 ziliingia kwa mpigo mmoja, 2007 wakaja Waromania na Wabulgaria, 2013 Wakroatia, na kila nchi ikatafutiwa kijiji chake. Ndiyo maana leo orodha inaanzia Kannus kule Finland hadi Pano Lefkara kule Kupro, na katikati wamo Žagarė ya Lithuania, Nadur ya kisiwa cha Gozo kule Malta, Tisno ya Kroatia. Kuna kijiji cha Hispania kinaitwa Bienvenida, yaani Karibu. Nilipoliona jina hilo kwenye karatasi nilidhani ni maneno ya kukaribisha wageni, nikauliza Wahispania wenyewe wanatoka wapi. Watu walicheka mpaka chakula kikapoa.

Na Uholanzi nzima, pamoja na Amsterdam yake na hiyo Rotterdam yako, inawakilishwa na Esch. Hiki hiki kijiji ulichokuwa ukikilalamikia kwamba hakina hata pa kununua viatu. Halmashauri yetu ya Haaren unaikumbuka? Ilivunjwa tarehe 1 Januari 2021, ikagawanywa vipande vinne, sisi tukaangukia Boxtel. Hata makaratasi ya kodi yalibadilika kichwa. Lakini kule Žagarė kuna watu wanaijua njia ya nyumbani kwangu, kona ya kwanza baada ya kanisa.

Sasa niseme ukweli ambao hautausikia jukwaani. Theluthi ya mambo ya mikutano ile ya vijiji ni upuuzi. Mwenyekiti wa kila kijiji lazima ahutubie, na kila hotuba lazima itafsiriwe, na kila mmoja lazima akabidhi sahani yenye picha ya kanisa la kwao. Mimi nina sahani nne, zinakusanya vumbi. Wamoravia wa Starý Poddvorov kule Cheki, kwao ni mashamba ya mizabibu, waliniletea chupa ya mvinyo kwa mapenzi yao. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikaiweka juu ya kabati, ikakaa mpaka jirani alipokuja kuichukua. Ngoma nazo, hapo nakuunga mkono: ukishaona vikundi sita vya watu waliovaa fulana za kudarizi wakizunguka duara moja, cha saba unaangalia saa.

Lakini wageni hawalali hotelini, mwanangu. Wanalala majumbani mwa watu. Hapo ndipo penye jambo lote, na ukilitoa hilo, mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kusema waache kupoteza nauli. Mtu akilala hotelini unamwona amechana nywele. Akilala kwako unamwona anatafuta miwani yake saa kumi na mbili asubuhi, unajua anakohoa, unajua mumewe hasemi kitu mpaka anywe kahawa.

Jirani yetu bibi wa nyumba ya kijani unamfahamu. Mwaka 1944, vita vilipopita hapa Brabant, alikuwa mtoto mdogo. Baiskeli ya baba yake ilichukuliwa na askari wa Kijerumani, kama baiskeli za Waholanzi wengi zilivyochukuliwa miaka ile. Kaka zako wameimba sana utani wa mpirani wa kudai baiskeli ya babu, lakini bibi yule kwake si utani. Basi mwaka mmoja zikagawiwa nyumba, naye akapewa Wajerumani wawili wa Hepstedt, mke na mume. Hakukataa. Aliwatandikia vizuri, akawapikia, na asubuhi mume akaomba kuazima baiskeli akanunue mkate. Bibi akampa. Kisha akavuta kiti mpaka dirishani, akakaa. Nilikuwa pale, nimempelekea mayai. Hakuniambia kitu wala hakuniangalia, macho yote barabarani, mpaka Mjerumani aliporudi na mkate kapakata kifuani. Ndipo akasema, "Haya, tunywe chai." Ikawa hivyo siku zote nne, kila asubuhi anampa baiskeli na kila asubuhi anakaa dirishani. Siku ya kuondoka alimfungia yule bwana jibini la nyumbani. Sikwambii kwamba amesamehe, hilo sijui, na yeye hajasema.

Ukienda zizini kwa jirani wa upande wa pili utakuta mengine. Waairishi walipokuja, wawili kati yao wafugaji, walikimbia mapema kwenye maonesho wakaenda kuangalia ng'ombe. Tangu 1984 Jumuiya ya Ulaya ilikuwa imeweka kiwango cha maziwa ambayo kila mfugaji ana ruhusa ya kuyauza, ukizidisha unalipa faini. Kiwango kikaondolewa mwishoni mwa Machi 2015. Kila mtu akaongeza ng'ombe, maziwa yakajaa, bei ikaanguka. Hawa watatu walisimama kwenye samadi wakionyeshana kwa vidole bei ya lita moja kabla na baada. Kiingereza cha jirani yetu ni cha kuombea maji, lakini namba ni namba. Jirani alikuwa miongoni mwa waliokwenda Den Haag, penye serikali, na trekta Oktoba 2019, wakati lilipotolewa pendekezo wafugaji wapunguze mifugo kwa sababu ya naitrojeni inayoharibu misitu. Akidhani ni serikali ya hapa tu inayomwonea. Alirudi jikoni kwangu usiku kutafuta sukari, akasema kwa mshangao kabisa: "Hata wao." Basi. Maneno mawili.

Kuhusu pesa, maana najua utaiuliza: sehemu ya nauli hutoka kwenye mfuko wa Umoja wa Ulaya wa kuwakutanisha raia. Ule wa miaka 2014 hadi 2020 ulipangiwa takriban yuro milioni 185 kwa miaka yote saba, kwa nchi zote, kwa kila aina ya shughuli. Piga hesabu wewe uliyesoma. Mimi nilipiga kwa penseli nikapata kama senti tano kwa kichwa kwa mwaka. Chakula, ni sisi wenyewe. Ile mbuzi uliyoila Jumamosi hiyo, ukalamba na vidole, ilitoka mfukoni mwangu.

Sasa swali la pili.

Mara ya kwanza kamati ilipokuja kwangu, na simtaji aliyetumwa, aliniambia wangefurahi sana nivae kanga nisimame mlangoni na sinia la vitafunio, ili wageni waone kwamba kijiji kina "rangi". Wenzangu wote wangekuwa kwenye orodha ya kulaza wageni, mimi niwe pambo la mlango. Nikamwambia kanga navaa nikiwa nafua, na chumba ninacho, mtoto wangu kahamia mjini. Alibabaika. Wiki mbili baadaye nikaletewa karatasi yenye majina mawili. Kwa hiyo hasira yako naifahamu, mwanangu, niliionja kabla yako. Hukuuliza vibaya.

Yule mama uliyemkuta kitandani kwako ametoka Pano Lefkara. Wanawake wa huko wanashona vitambaa vya kitani vyenye matundu, wanaviita lefkaritika. UNESCO imeitia kazi hiyo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2009, na zamani wanaume wao walikuwa wakivichukua vitambaa wakizunguka navyo Ulaya wakiuza, wake zao wamebaki nyumbani na sindano. Wana hadithi kwamba Leonardo da Vinci alifika kwao akanunua kitambaa cha kanisa kuu la Milan. Kila kijiji kina mtu mkubwa aliyepita, nikamwambia, kwetu ni majini.

Usiku wa kwanza hatukuwa na lugha. Kiholanzi hajui, Kigiriki sijui, Kiingereza chetu sote ni cha uwanja wa ndege. Nilikuwa na kofia ya mjomba wako mkononi, ile ya viua niliyoianza tangu mfungo. Akanyoosha mkono nikampa. Unajua alifanya nini kwanza? Aliigeuza. Hakuangalia maua wala juu, aliigeuza akaangalia ndani, kwenye mafundo. Nikaona haya, kuna kitobo kimoja nilikizungushia uzi nikiwa nasinzia, nikakifunga ovyo. Akakiona hicho hicho. Akakigusa kwa ukucha, akaniangalia, akatabasamu. Kisha akanipa kazi yake nami nikaigeuza, wallahi ndani na nje ni sawa sawa, huwezi kujua upi ni upi. Hesabu ya nyuzi hakuna hata mmoja uliokosewa. Nilikaa na kitambaa kile muda mrefu.

Alfajiri akanikuta ukumbini nasali. Hakunipita, alirudi chumbani akasubiri. Kwenye chai akatoa simu, akanionyesha picha ya msikiti mdogo wa mawe, na kile kijisauti cha kutafsiri kikasema kwa Kiholanzi kibovu: huu uko kijijini kwetu, majirani waliondoka nilipokuwa mdogo.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu nikampa kifimbo asukume chapati. Unga umetapakaa mezani, akaniuliza kwa ishara natoka wapi. Nikamwambia Esch. Akatikisa kichwa, la, huko nyuma. Nikachora Pemba kwenye unga kwa kidole, na Unguja pembeni yake. Akashangilia kwamba mimi naye ni watu wa visiwa, akachora chake kando, kile chenye mkia mrefu upande wa mashariki. Kisha akapitisha ukucha katikati, mstari kutoka pwani hadi pwani. Hapo ndipo nilipokumbuka: Kupro, 1974, kisiwa chao kilipogawanywa kwa vita. Akaniangalia, akaelekeza nafasi iliyo kati ya Pemba na Unguja, kama anauliza, na nyinyi mmegawanywa? Nikamwambia hapana, dada, hiyo ni bahari tu. Tukacheka sana, mwanangu, kicheko cha kuumiza mbavu, mpaka chapati iliyokuwa jikoni ikaungua.

Wewe ulifika jioni ya siku hiyo. Ulituona tumekaa kimya kila mmoja na sindano yake, ukadhani hatuna la kuzungumza.

Kuhusu hiyo Ulaya ni ya nani, mimi sikuulizwa usiku ule. Niliulizwa kwa nini siweki chumvi kwanza kwenye unga.

Ameondoka Jumatatu. Kitambaa kimoja ameniachia hakijaisha, kona moja ina sindano bado imechomekwa, na ile kofia nimempa yeye kabla sijamaliza duara la juu. Mjomba wako atasubiri. Uzi wa kumalizia hiyo kona sina, hapa Boxtel kuna wa mashine tu. Ukipita soko la Blaak Jumanne au Jumamosi, kuna yule bwana wa vitambaa karibu na wauza samaki, mwambie unataka uzi wa pamba wa kushona kwa mkono, mweupe usio na mng'aro, mwembamba kuliko wote alionao. Ukionyeshwa wenye rangi ya maziwa usinunue. Na unapokuja piga simu kwanza, maana vijana wawili wa Žagarė wameandika wanapita hapa na baiskeli, na nimeshawaambia kitanda kipo.

Mama yako