Aliyemfukua Mbwa Wake

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Nafundisha kwaya ya usharika hapa Njombe. Mbwa wangu, Chui, hunifuata mazoezini kila Alhamisi. Sauti ya kwanza wakipanda juu, naye analia mlangoni kwa kuvuta sauti. Wazee wanataka nimwache nyumbani. Nimewajibu kwamba hata Wagner, aliyetunga ule wimbo wa kuingiza bibi harusi, alikuwa mtu wa mbwa. Je, ni kweli?
— Mwalimu wa kwaya, Njombe

JIBU: Marahaba. Ni kweli, tena kuliko ulivyosikia. Mwaka 1839 Richard Wagner, mtunzi wa muziki Mjerumani, alipowakimbia wanaomdai huko Riga (mji wa Latvia ya leo), alipanda meli na mkewe Minna pamoja na Robber, mbwa mkubwa ajabu. Mwaka 1879 aliandika barua ya wazi kupinga wanasayansi kupasua wanyama wakiwa hai. Alihimiza watu waache nyama, ingawa yeye aliendelea kula.

Kinachonikaa rohoni ni Januari 1866. Minna, ambaye walikuwa wametengana, alifariki Dresden. Habari zilimkuta Wagner kusini mwa Ufaransa, na hakwenda kuzika. Aliporudi Geneva akakuta mbwa wake mzee, Pohl, amekufa na kufukiwa. Wagner akaagiza mbwa huyo afukuliwe, akavishwa mkanda wake wa shingoni, akalazwa kwenye sanduku na kuzikwa upya.

Mimi nimezika mbwa wangu Mufindi, chini ya mparachichi, na nililia. Machozi ya Wagner nayaamini. Lakini kwetu hata mliyeachana naye unakwenda kumtupia udongo.

Tena liko zito zaidi. Mwaka 1850, uleule ambao opera yake (mchezo wa kuigiza unaoimbwa) Lohengrin yenye wimbo wako wa harusi ilichezwa mara ya kwanza, alichapisha kwa jina la bandia makala ya chuki dhidi ya Wayahudi. Mwaka 1869 akairudia, safari hii kwa jina lake kamili. Mtu huyo usimfanye shahidi wako mbele ya wazee.

Mtetee Chui kwa haki yake mwenyewe. Mbwa huitikia sauti ndefu ya juu kama anavyomwitikia mbwa mwenzake, si ukaidi. Waombe wazee umtandikie gunia kavu nyuma ya ukumbi, upande wa besi, mbali na sauti ya kwanza. Baridi ya Njombe mwezi Juni naijua, na umande ule si wa kumlaza mbwa nje.