Mafuta ya mtoto: barua kwa mwanangu Zuhura

Mwanangu Zuhura,

Umeniuliza, katika vile vitu vyote ulivyoletewa na waliokuja kumwona mtoto, umpake kipi: poda, losheni mbili, shampuu, na yale mafuta mama mkwe wako aliyonunua River Road, Nairobi. Kwa mtoto wa wiki sita, vingi viache kabatini. Ngozi yake ni nyembamba kuliko yako, na unachompaka hupenya upesi. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo isiyo na manukato, mara mbili tatu kwa wiki. Akiwa bado na unyevunyevu, mpake vaselini tupu. Hata kwa baridi hii ya Julai, inamtosha.

Poda usimpake kabisa. Ukiitikisa, vumbi lake linabaki hewani naye analivuta. Talki, yaani ule unga wa madini uliotumika kwenye poda nyingi, huchimbwa ardhini na huweza kuchanganyika na asbesto, madini yanayoleta saratani; Johnson & Johnson waliiondoa kwenye poda yao ya watoto duniani kote mwaka 2023, wakaweka wanga wa mahindi. Wanga nao ni vumbi. Kwenye mikunjo ya shingo na mapaja, mkaushe polepole kwa kitambaa cha pamba.

Losheni zigeuze usome nyuma. Picha ya mtoto anayecheka mbele ya chupa haikwambii lolote. Ukiona neno "parfum", yaani manukato, iweke kando. Kisha tafuta alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya: kwenye simu andika SM#, ufuatishe namba iliyo chini ya alama hiyo, utume kwa SMS kwenda 20023, uone kama jina linalorudi ndilo lililo kwenye chupa. Ile utakayoibakiza, mpake tone moja mkononi kwanza, ungoje hadi kesho.

Mafuta ya River Road ulisema hayana lebo. Usimpake, mwanangu. Vikopo vya namna hiyo vimewahi kukutwa na zebaki na dawa za kung'arisha ngozi. Mama mkwe wako mshukuru kwa heshima, useme mimi ndiye niliyekataza.

Ule ukoko wa utosini usiubandue kwa kucha. Ulainishe kwa mafuta kidogo, upitishe brashi laini, umwoshe, utaisha wenyewe. Nywele usizisuke wala kuzibana. Na wanja, hata wakikwambia humkinga na kijicho, kataa: mwingine una madini ya risasi.

Akitoka malengelenge, au vipele pamoja na homa, usipake kitu. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, unipigie ukiwa njiani.

Mama yako