Maswali yenu: vibao vya gari refu, Hispania, na nyie wa drili

Ikishafika mwezi wa tano meseji zenu zote ni karavani tu, zile nyumba za magurudumu za kuvuta na gari. Mwaka huu naona wengi wenu wa hapa Uingereza mnaelekea Hispania, kuna wanaopanda meli Portsmouth hadi Santander au Bilbao na kuna wanaokatiza Ufaransa nzima kwa barabara, na karibu nusu mmeuliza vile vibao vya njano vyenye mpaka mwekundu, vya gari refu. Nimechukua machache. Mengine yanajirudia mno, someni ya wenzenu kwanza jamani.

Shikamoo fundi. Kiangazi hiki tunaenda Hispania na karavani, je ni lazima tufunge vile vibao? (Leicester)

Marahaba. Sasa mbona urefu hujaandika? Hili swali nimelipata mara sijui ngapi mwezi huu na hakuna hata mmoja aliyetaja urefu. Kule Hispania kinachoangaliwa ni jumla, gari na karavani vikiwa vimeshaunganishwa. Ikizidi mita 12, kibao nyuma ni lazima. Haijazidi, huhitaji, kalale.

Shida ni mnavyopima. Mtu anafungua karatasi ya karavani anaona mita 5.9, anajumlisha na gari la mita 4.7, anapata 10.6, anafurahi. Hiyo 5.9 ni urefu wa ndani ndugu yangu, wa chumba chenyewe! Hujahesabu kuta, hujahesabu bampa la nyuma, na ule mkono wa mbele wa kuvutia wenye kigurudumu kidogo nao hujauhesabu. Ukiweka vyote hiyo karavani inaweza kufika mita 7.5, na jumla yako sasa ni 12.2, umeshapita. Unganisha, egesha pahali tambarare, tafuta mtu wa kukushikia tepu, upime toka bampa la mbele la gari hadi mwisho kabisa wa karavani. Ni kazi ya dakika tano.

Halafu kuna nyie mnaowatajia wa meli urefu wa uongo kwa sababu nauli inaenda kwa mita. Bandarini wanaweza kukupima, utalipa tofauti mbele ya foleni nzima na watoto wanakuangalia.

Kimoja au viwili? (Reading)

Kimoja cha sentimita 130 kwa 25 katikati, au viwili vya 50 kwa 25, kila upande kimoja, karibu na kingo. Kwa karavani chukua viwili, kile kirefu utapata taabu kukipitisha kati ya taa na pleti namba.

Fundi, nataka vibao vya kuweka na kutoa maana hapa Uingereza sivihitaji. Shemeji yangu anasema nitoboe tu nipige skrubu nne kila kimoja, yeye ana drili. (Milton Keynes)

Hili ndilo nililokuwa nalitafuta. Mwambie shemeji airudishe drili stoo. Ukuta wa karavani si ukuta wa nyumba, ni ngozi nyembamba ya aluminiamu au faiba, katikati povu, na mara nyingine mbao. Skrubu nne mara vibao viwili ni matundu manane ya kuingizia maji. Hutaona kitu kiangazi hiki. Utaona baada ya baridi, kona ya nyuma chini ya dirisha ukibonyeza inabonyea kama mkate uliolowa, na pale garantii ya kutovuja ndiyo imekwenda, kwa sababu fundi wao akikagua unyevu jambo la kwanza anauliza nani katoboa hapa. Nimeshaona karavani ya maelfu ya pauni inauzwa bei ya chakavu sababu ya tundu la skrubu.

Na kabla hujaniandikia tena: sumaku hapana, haishiki aluminiamu wala faiba, nashangaa watu bado wananunua. Vinyonyeo vya mpira vile kama vya kushikia simu kwenye kioo navyo hapana, jua la Andalusia likivipiga vinaachia. Tairapu, zile kamba za plastiki za kubania nyaya, kwenye vishikizo vya kusukumia karavani, hapana pia, kibao kinapigapiga mwendo mzima kinakuna rangi, na mara nyingi kinalala upande.

Zinazokubali ni njia mbili. Ya kwanza, ile tepu ngumu ya kubana, siyo velkro ya viatu, ile ya plastiki yenye vichwa kama uyoga pande zote mbili, ukibandika inalia ta-ta-ta. Ya pili naipenda zaidi: nunua mfereji mwembamba wa aluminiamu wenye umbo la U, kata vipande vya sentimita 50, viwili kwa kila kibao, kimoja juu kimoja chini, bandika kwa gundi ya poliurethani ile ya kuzibia madirisha ya karavani. Kibao unakichomeka kwa ubavu kinateleza kinaingia, mwisho unaweka pini kisitoke. Ukirudi nyumbani unachomoa, mifereji inabaki na hakuna anayeiona.

Sasa kushika kwake kote kunatokana na usafi. Osha kwa sabuni, toa nta yote ya polishi, halafu pitisha kitambaa chenye spiriti ya isopropili. Usitumie thina wala asetoni, maana sehemu nyingi za nyuma ni plastiki ya ABS na thina inaila, inapasuka nyufa ndogondogo. Bandika siku kavu isiyo ya baridi, na ukae mpaka kesho yake ndiyo uweke uzito. Pahali pawe bapa, maana nyuma za siku hizi zimejikunja kunja na gundi haipendi hewa chini yake. Kimo kiwe kati ya sentimita 50 na 150 kutoka ardhini, usifunike taa, usifunike pleti namba, na zile reflekta mbili nyekundu za pembetatu ziache zionekane, naona watu wanazibandikia juu kabisa kana kwamba ni mapambo.

Mwisho funga kawaya kembamba kutoka kwenye kibao hadi kwenye kishikizo. Gundi ikikuangusha, kibao kinabaki kinaning'inia, hakiruki kwenda kwenye kioo cha pikipiki iliyo nyuma yako. Na ukishaendesha nusu saa ya kwanza simama, shuka, kitikise kwa mkono.

Nimepata kwa bei chee vibao vya mistari ya mshazari, njano na nyekundu, aliyeniuzia anasema ni hivyohivyo. (Coventry)

Siyo hivyohivyo. Vya mistari ni vya malori mazito. Cha gari refu kina njano katikati inayoakisi mwanga na mpaka mwekundu kuzunguka, na kiwe na alama ya kiwango cha ECE 70. Bei chee ndiyo iliyokupeleka, sasa utanunua mara mbili.

Tuna baiskeli nne nyuma ya karavani, vibao vya gari refu vinatosha? (Slough)

Hapana, hicho ni kitu kingine. Mzigo unaochomoza nyuma, Hispania wanataka ubao wa mraba wa 50 kwa 50 wenye mistari myekundu na myeupe. Italia nao wanautaka ila mpangilio wa mistari si ule ule, na kwao uwe wa aluminiamu. Upo wa pande mbili, upande mmoja Italia upande wa pili Hispania, nunua huo. Ila dada yangu, baiskeli nne nyuma kabisa ya karavani? Huo uzito wote uko nyuma ya ekseli, unainyanyua pua ya mbele, na ukifika mwendo wa barabara kuu karavani inaanza kuyumba kama mkia. Hilo mimi linanitisha kuliko polisi yeyote. Mbili zipande juu ya gari, au zilale sakafuni juu ya ekseli.

Ufaransa nako vinatakiwa, au naweza kuvifunga nikishafika mpakani? (Luton)

Ufaransa haikudai hivyo, vifunge kituo cha mwisho kabla ya mpaka ukitaka. Ila mbona hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza kinachodaiwa Ufaransa? Ukizidi mita 7, na nyote mnazidi, kwenye barabara ya njia tatu au zaidi unabaki kwenye mbili za kulia, ile ya kushoto kabisa si yako. Na nje ya miji acha angalau mita 50 kati yako na la mbele. Watu wanakaa wiki nzima wakijadili rangi ya kibao halafu wanakimbiza karavani njia ya kushoto.

Nina motahomu, lile gari lenye nyumba ndani yake, ya mita 8, navuta kagari kadogo. (Birmingham)

Kakiwa juu ya trela, pima jumla, sheria ni ileile ya mita 12. Ukikavuta magurudumu yakiwa chini kwa ile fremu ya kuvutia yenye umbo la A, Hispania wanakupiga faini, kibao hakikusaidii.

Leseni yangu ni ya Tanzania, niko Uingereza mwaka wa pili sasa, mke wangu ana ya hapa. Nitamsaidia kuendesha? (Manchester)

Kaka, leseni ya nyumbani inakubalika miezi 12 tangu uwe mkazi. Umeshapita, kwa hiyo huruhusiwi kuendesha hata kwenda dukani Tesco, achilia mbali kuvuta tani moja na nusu kwenda Hispania, na ukigonga bima watakuangalia tu. Nenda kafanye mtihani. Mkeo yeye yuko sawa, tangu tarehe 16 Desemba 2021 leseni ya kawaida ya gari inatosha kuvuta hadi kilo 3,500, bila mtihani wa ziada. Asikubali tu umshikie usukani "kidogo tu apumzike".

Stika ya nchi, ile ya GB, bado ipo nyuma ya karavani, si inatosha? (Bristol)

Haitoshi tangu Septemba 2021. Ni UK sasa, na Hispania wanaitaka stika hata kama pleti yako ina herufi hizo. Ikae kwenye karavani, maana ya kwenye gari haionekani.

Vibao nikirudi niviache tu au nitoe? (Northampton)

Toa. Ule wekundu unaopauka kwa jua ndio uliolipia, na vikipauka havina kazi. Vifunge kwenye taulo, uviweke chini ya kitanda cha karavani, na siyo gereji, maana mwakani utasahau viko wapi uniandikie tena.