Viroboto wa maji walioota miba, na maswali mengine ya wasomaji

SWALI: Nafuga viroboto wa maji katika pipa la lita 200 ili niwalishe vifaranga wa kambare. Mwanzoni walikuwa wa mviringo. Nilipojazia pipa kwa maji ya bwawa langu la tilapia, wiki mbili baadaye nikaona wengi wana kichwa kilichochongoka na mkia kama sindano. Vifaranga wanawashika kisha wanawatema. Je, ni spishi nyingine imeingia, au ni ugonjwa?
Mfugaji, Luanda, Vihiga

JIBU: Bwawa linaweza kukuletea mgeni, lakini yaelekea hao ni wale wale wako, na ugonjwa hawana. Ulichomimina pipani ni harufu ya samaki.

Kiroboto wa maji, au dafnia, hana sumu wala mbio za maana. Silaha yake ya kwanza ni kunusa. Samaki huachia majini chumvi za nyongo, zile zinazomsaidia kusaga mafuta, na hawezi kuzizuia maana bila nyongo chakula chake hakisagiki. Mwaka 2019 watafiti walitambua chumvi moja ya namna hiyo, kutoka kwa samaki wa jamii ya kapu (carp), ambayo dafnia wakiinusa hukimbilia kilindini. Spishi nyingine huenda mbali zaidi. Daphnia lumholtzi, mwenyeji wa Afrika anayepatikana pia Ziwa Victoria, akikulia penye harufu ya samaki huota kofia ndefu yenye ncha na mwiba wa mkiani unaoweza kufikia au kupita urefu wa mwili. Samaki mdogo akimvuta mdomoni, ncha hukwama na mlo hugeuka kero. Na kwa kuwa mambo yakiwa mazuri majike huzaa bila dume, watoto ni nakala za mama: ukoo ni mmoja, umbo ndilo tofauti.

Kwa nini wasiwe na miba siku zote? Kwa sababu ni gharama. Chakula kinachojenga mwiba ndicho kingejenga mayai, kwa hiyo pipa lililojaa wenye miba mara nyingi huzaa polepole pia. Hiyo ni hasara ya pili ambayo huenda hujaihesabu.

Sasa la kufanya. Mwiba uliokwisha kuota haupungui kwa siku moja, kwa hiyo usipoteze muda kulisafisha pipa hilo. Anzisha jipya. Tumia maji ya mvua au ya kisima. Ya mfereji yaache wazi siku mbili dawa ya klorini iishe. Chota majike 50 hivi wenye mayai mgongoni, wasuuze mara mbili katika maji safi ya joto lile lile, ndipo uwahamishe. Usiwainue hewani kwa kichujio kikavu: hewa hunaswa chini ya gamba, wakaelea na kufa juu ya maji. Wahamishe kwa kikombe. Chakula kiwe kijiko kimoja cha chai cha hamira iliyokorogwa, na usiongeze mpaka maji yaanze kuwa maangavu. Ukizidisha, hamira huoza, hewa ya majini hupungua na dafnia hugeuka wekundu kwa kutengeneza damu ya kushikia hewa. Wekundu huo huwasaidia kuishi, ila samaki huwaona upesi. Ukiwaona wekundu, punguza chakula. Kwa nyuzi joto 25 hivi, ndani ya wiki mbili au tatu utakuwa na kizazi kisichokuwa na harufu ya samaki kwenye historia yake.

Funika pipa kwa chandarua. Usubi wa ziwa, wale wanaopanda kama moshi juu ya maji, hutaga humo, na miongoni mwao wamo ambao lava wao, yaani watoto wanaokulia majini, ni waangavu kama kioo, wa urefu wa sentimita moja hivi, wanaolala mlalo katikati ya maji wakivizia. Kinga ya dafnia dhidi yao ni tofauti: wachanga wa spishi fulani huota vijino kisogoni, ambavyo huvioni bila hadubini, na wakishakua wakawa wakubwa kuliko mdomo wa lava huviacha. Mdomo wa adui ndio kipimo.

Jambo hilohilo likukumbushe vifaranga wako. Kambare wa siku tatu au nne tangu kuanguliwa ana mdomo mdogo, na dafnia mzima humshinda hata asipokuwa na mwiba. Chuja kwa wavu wenye matundu ya nusu milimita, uwape wanaopenya tu.

SWALI: Mwezi ukiwa mkubwa, mashua za omena hapa kwetu hulala. Mvuvi mmoja anasema taa zinashindwa na mwezi, mwingine anasema omena wameshiba. Nani ana haki?
Mchuuzi, Dunga, Kisumu

JIBU: Wa kwanza ana haki zaidi. Omena hufuata taa kwa kuwa ni mwanga pekee gizani. Mbalamwezi ikienea, taa haina la ajabu.

Wa pili naye hajakosea sana. Wadudu wa majini wanaoliwa na omena hujificha chini mchana na kupanda usiku kula mwani, maana gizani samaki hawaoni vizuri. Mwezi huharibu hesabu hiyo. Katika bwawa la Cahora Bassa, Msumbiji, mtafiti Gliwicz alieleza mwaka 1986 kwamba siku zinazofuata mwezi mpevu, wadudu hao hupanda giza likiingia, kisha mwezi huchomoza wakiwa tayari juu, nao kapenta, samaki wadogo wa bwawa hilo, huwamaliza. Mtego huo hautegwi na mtu.

Uduvi wa ziwa letu, wale wanaoitwa ochonga, wana ujanja wao mwingine: huvumilia maji ya chini yenye hewa haba, ambako mbuta hawezi kukaa.

SWALI: Nataka wanafunzi waone konokono wakimkimbia adui. Niwatoe wapi?
Mwalimu, Bahati, Nakuru

JIBU: Usiwapeleke mtoni kuokota. Konokono wadogo wa maji baridi ndio wanaobeba vimelea vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Tumia dafnia. Weka tilapia wa sentimita tano katika lita tano za maji kwa siku moja, chuja maji hayo kwa kitambaa. Jaza gilasi mbili ndefu, moja kwa maji hayo na nyingine kwa maji safi ya joto sawa, kila moja na dafnia 20. Funika pembeni kwa karatasi nyeusi, mwanga utoke juu, subiri nusu saa kisha hesabu walio nusu ya chini. Mwanga mkali mno huwashusha wote, nanyi hamtaona tofauti. Taa ya darasani inatosha. Rudia mara tatu, kwa sababu koo nyingine za dafnia huitikia kidogo sana. Maji ya Ziwa Nakuru hayafai, ni ya magadi.