Kuharisha baada ya kupandikizwa figo: usianzie duka la dawa

Mtu aliyepandikizwa figo akiharisha, mara nyingi hununuliwa Flagyl, kisha watu wangoje. Flagyl haiui virusi, na kwa wagonjwa hawa virusi ni chanzo cha kawaida kabisa.

Hofu yetu kubwa si choo chenyewe. Utumbo wenye afya huvunja sehemu ya takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo, kabla haijafika kwenye damu. Ukichubuliwa na virusi, dawa hupenya kwa wingi, mikono huanza kutetemeka, na figo iliyokwisha kukosa maji huumizwa mara ya pili. Kwa hiyo usivushe siku ya pili: kapime kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) na kiwango cha takrolimasi. Damu itolewe kabla hujameza dozi ya asubuhi, la sivyo jibu litapotosha. Maikofenoleti, dawa nyingine ya kuilinda figo isikataliwe, nayo huharisha, lakini tafadhali usiiache wala kuipunguza mwenyewe. Mpigie daktari wako.

Kunywa ORS kidogo kidogo. Soma pakiti, maana nyingine ni za lita 1 na nyingine za nusu lita. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni kaa nazo mbali. Ukitapika dawa, au mkojo ukipungua, nenda hospitali usiku huohuo.

Virusi vya CMV (sitomegalovirusi) hupenda kuibuka baada ya kumaliza dawa ya kuvizuia, valigansikloviri ya kinga, ambayo kwa kawaida hutumika miezi 3 hadi 6. Dalili ni homa, tumbo kuuma, pengine damu kwenye choo, na chembe nyeupe za damu kushuka. Hapa wengi hukosea: kipimo cha damu kinaweza kutoka safi ilhali virusi vimejaa utumboni. Dalili zikiendelea, ulizia kipimo cha kamera na kuchukuliwa kinyama kidogo cha utumbo. Dozi ya valigansikloviri ya matibabu ni miligramu 900 mara mbili kwa siku, hupunguzwa kama figo ni dhaifu, kwa wiki 2 au zaidi mpaka virusi vidhibitiwe.

Norovirusi, virusi vingine vya kuharisha na kutapika, haina dawa mahususi na inaweza kukaa miezi. Sanitaiza haiiwezi vizuri. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Choo kipanguswe kwa Jik ya asilimia 3.5, mililita 100 ndani ya maji mililita 900, iachwe dakika 10.

Na kama nyumbani kuna mtoto aliyepewa chanjo ya rota, nepi zake abadilishe mtu mwingine kwa wiki 4, kwa kuwa virusi hai vya chanjo hutoka na choo.