Maswali na Majibu: Kabla Hujanunua Betri Nyingine

Barua za safari hii karibu zote zinaimba wimbo mmoja: nimenunua pikipiki iliyotumika, haikai na chaji, nimebadilisha betri, tatizo liko palepale. Wachache mno wameandika namba. Mita ya umeme, hata ile ndogo kabisa, inatosha kwa kazi yote iliyomo humu. Asiye nayo aazime kwanza, ndipo aniandikie.

Pikipiki niliyonunua imeshaua betri mbili mpya. Ya tatu ninunue ya aina gani?

Usinunue. Ungejua ya kwanza ilikufa kwa nini, ya pili ingekuwa hai mpaka leo.

Chaji hiyo uliyonayo hadi ijae, iache saa kadhaa bila kuunganishwa na kitu, kisha ipime kwa volti za DC. Betri nzima ya asidi ya volti 12 husoma 12.6 hadi 12.8. Ikiwa 12.2, imebaki nusu. Ikikaa kwenye 10.5 hivi hata baada ya kuchajiwa, chumba kimoja kati ya vyake sita kimekufa na hakuna chaja itakayokifufua. Sasa ifunge, piga stata huku jicho liko kwenye mita: isishuke chini ya volti 9.5 au 10. Mwisho, injini ikiwa inawaka, ongeza mafuta hadi mizunguko 5,000 hivi kwa dakika na upime palepale kwenye vichwa vya betri. Pikipiki nyingi hutoa 13.5 hadi 14.8.

Namba ikigoma kwenye 12.5, chaji haifiki. Hapo mahali pa kutafuta ni patatu tu: koili ya chaji (inayozalisha umeme ndani ya injini), rektifaya (inayougeuza umeme huo uingie kwenye betri), na nyaya pamoja na plagi zinazoziunganisha, si plagi ya cheche. Anzia kwenye plagi, maana hazidai kufungua injini. Ile inayopokea nyaya za koili, mara nyingi tatu za njano, ndiyo huungua kuliko zote. Ukiikuta imegeuka kahawia au plastiki imelainika, umeshapata mgonjwa wa kwanza.

Plagi ikiwa safi, ichomoe na upime upande wa koili. Omu (kipimo cha ukinzani) kati ya kila waya na mwenzake ziwe zinalingana, na huwa ndogo sana, mara nyingi hazifiki 2. Kwenye koili ya nyaya tatu, kati ya waya yoyote na chuma cha injini mita isisome kitu. Ikisoma, koili imeungua na kugusa chuma. Kisha geuza mita kwenye volti za AC, washa injini plagi ikiwa bado nje, na upime jozi zote tatu. Volti zipande kadiri unavyoongeza mafuta, nyingi huvuka 50, na jozi zote zilingane. Jozi moja ikibaki nyuma, koili ni mbovu. Usishike nyaya hizo kwa mkono. Koili nzima, nyaya nzima, na chaji bado hakuna? Aliyebaki ni rektifaya.

Hukuuliza, lakini nitasema: pikipiki kuukuu yenye betri mpya inayong'aa si bahati yako. Mwenye nayo huenda alipita njia hii hii kabla yako, akachoka, akauza.

Mita inasoma 15.6 nikikaza mafuta. Fundi anasema nina bahati, chaji ina nguvu.

Badilisha rektifaya, na ukimaliza fikiria kubadilisha fundi.

Kazi ya rektifaya ni mbili: kuugeuza umeme wa koili uwe wa kuingia kwenye betri, na kuuzuia usizidi. Hiyo ya pili imeshindwa. Ukivuka volti 15, betri inachemka, maji yanapungua, balbu zinaungua moja baada ya nyingine, na kama pikipiki yako inatumia sindano ya mafuta inayoongozwa na kompyuta, unaichezea sehemu iliyo ghali kuliko zote. Kabla ya kununua, hakikisha waya wa hasi kutoka kwenye rektifaya umekazwa na hauna kutu, na kama rektifaya yako ina waya mwembamba wa kusomea volti, hakikisha haujalegea. Waya huo ukisoma pungufu, rektifaya nzima itachajisha kupita kiasi bila kosa lake.

Rektifaya nyingi huteketeza umeme uliozidi kwa kuugeuza joto. Kwa hiyo kuishika ukaiona ya moto si dalili ya ubovu. Dalili mbaya ni kuikuta imefichwa ndani ya plastiki kwa sababu mtu alitaka pikipiki ipendeze. Irudishe kwenye chuma, mahali panapopata upepo.

Niongeze asidi? Maji yamepungua.

Maji yaliyosafishwa (distilled) peke yake, hadi kwenye mstari wa juu. Kinachopotea ni maji. Asidi imebaki humo humo. Hili nimelijibu mara nyingi kiasi cha kulijua kwa moyo.

Asubuhi stata inalia tak-tak-tak na haizungushi. Nikipiga kiki inawaka vizuri. Betri imekufa?

Labda. Mlio huo ni wa rilei, swichi ya umeme inayopeleka umeme kwenye stata, inayoshika na kuachia kwa kukosa volti, na volti zinaweza kupotea njiani hata betri ikiwa imejaa. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa chanya cha betri na nyingine kwenye skrubu ya stata, upande wa waya mnene, halafu bonyeza stata. Injini ikizunguka, hata kwa uvivu, na mita ikaonyesha zaidi ya nusu volti, kuna mahali panazuia: kichwa kilicholegea, kutu, au rilei iliyochoka. Fanya hivyo hivyo upande wa hasi, kutoka kichwa cha betri hadi kwenye chuma cha injini. Watu husugua upande wa chanya mpaka unang'aa na kuusahau wa hasi, ambao bolti yake imekaa chini ya rangi na matope tangu pikipiki ilipotoka kiwandani.

Ukifungua vichwa, hasi iwe ya kwanza kutoka na ya mwisho kurudi. Spana ikigusa chuma wakati unafungua chanya, utaelewa kwa nini.

Naweza kuendesha bila betri kwa muda?

Baadhi za kiki zitawaka. Usifanye. Betri ndiyo inayotuliza volti, na ukiitoa injini ikiwa inaunguruma, balbu na rektifaya ndizo zitakazopata shida kwanza.

Nikiiacha siku nne haiwaki, lakini nikiitumia kila siku haina neno. Chaji nimepima ni 14.2.

Mtu wa kwanza aliyefanya kazi yake! Chaji ni nzima. Kama betri nayo inashika, kuna kitu kinakunywa usiku.

Zima swichi, fungua waya wa hasi, weka mita kwenye tundu la ampia 10, kisha iunganishe kati ya kichwa cha hasi na waya uliofungua. Usipige stata wala usiwashe taa mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi yake. Mita ikionyesha kiasi kidogo sana, hamishia kwenye miliampia. Pikipiki isiyo na kengele ya wizi isivute zaidi ya miliampia chache. Ikivuta 50, kwa siku nne zimeondoka karibu ampia-saa 5, na betri nyingi za pikipiki ndogo hazina zaidi ya hapo.

Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Isiposhuka hata kidogo, tazama vilivyofungwa moja kwa moja kwenye betri: kengele, kifaa cha kufuatilia pikipiki, tundu la kuchaji simu. Chomoa na rektifaya pia, maana ikiharibika ndani huweza kurudisha umeme kinyume. Tundu la simu ndilo ninalolishuku kila mara, kwa kuwa anayelifunga hataki kusumbuka kutafuta waya unaopita kwenye swichi.

Chaja ya gari inafaa?

Ikiwa unaweza kuipunguza hadi moja ya kumi ya ujazo wa betri. Betri ya ampia-saa 7 ichajiwe kwa ampia 0.7 hivi. Chaja ya gari isiyopungua itaipika. Na betri ya lithiamu iwe na chaja yake.

Nimefunga taa mbili za ziada za wati 55. Sasa chaji ni 12.3 hata nikikaza mafuta.

Wati 110 ni ampia 9. Pikipiki ndogo nyingi, koili yake yote inatoa kama hizo au pungufu, na taa ya mbele bado haijala, wala injini yenyewe. Zima hizo taa upime tena. Namba ikirudi 14, hakuna kilichoharibika ila hesabu. Usikubali kusukiwa koili upya kwa ajili hii.

Fyuzi kubwa inaungua kila wiki. Rafiki anasema nifunge waya.

Rafiki huyo asiwe na funguo zako. Tafuta shoti kabla haijatafuta tangi.

Kuna pikipiki naitaka. Haiwaki kwa stata, muuzaji anasema "ni betri tu".

Kama ni betri tu, angeshaibadilisha. Mwambie aweke betri nzima, hata ya kuazima, na usimnunulie wewe. Fika injini ikiwa baridi, pima kabla ya kuwasha, wakati wa stata, na kwenye mizunguko 5,000 taa ikiwa imewaka. Iache ipate moto dakika 20 kisha upime tena, kwa sababu kuna koili zinazochaji vizuri zikiwa baridi na kuacha zikipata joto. Akikataa kukusubiri dakika hizo 20, piga hesabu ya betri, rektifaya na koili, uitoe yote kwenye bei anayoitaka.