Rejesho la Ijumaa: hiyo stresi ipe kazi mapema

Msomaji anayeuza mchele na maharage Mwanjelwa, Mbeya, ameandika kwamba kila Alhamisi usiku halali. Ijumaa kuna rejesho la mkopo wa kikundi, shilingi 30,000. Januari hii ada ya watoto nayo imebisha hodi, na shamba la nyumbani linadai mbolea ya kukuzia. Anauliza afanye nini ili stresi iishe.

Dada yangu, haitaisha yote, na usiombe iishe yote. Mtu asiyeshtuka hata kidogo na rejesho ndiye anayekuja kuchukuliwa kochi na televisheni. Swali la kujiuliza ni hiyo nguvu inayokuja na mshtuko unaipeleka wapi.

Ukikumbuka deni, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, homoni ya mshtuko. Moyo unakwenda mbio, ini linaachia sukari iingie kwenye damu, misuli inakaza. Kortisoli, homoni nyingine ya msongo, inafuata baada ya dakika kadhaa ili mwili usiishiwe njiani. Yote hayo ni maandalizi ya kukimbia au kupigana, na deni huwezi kulikimbia wala kulipiga. Nguvu ikikosa kazi inamwangukia mtoto aliyemwaga uji, au inakulaza macho juu ukihesabu mabati ya dari.

Kwa hiyo anza na miguu. Moyo ukishaanza kudunda, usikae. Tembea haraka dakika 10, kiasi cha kuweza kuongea lakini kushindwa kuimba. Kutoka Mwanjelwa kwenda upande wa Kabwe na kurudi kunatosha, na kama unakaa kwenye mteremko, panda mteremko. Usiku ambapo huwezi kutoka, kaa kitini, vuta pumzi ukihesabu mpaka nne, itoe polepole ukihesabu mpaka sita, dakika 5. Ile ya kutoa ndiyo inayopunguza mapigo, kwa hiyo usiifupishe. Wengi wanavuta pumzi nyingi kwa haraka wakidhani ndiyo tiba, wanaishia kupata kizunguzungu na ganzi vidoleni, halafu wanaogopa zaidi.

Ukitoka hapo chukua daftari. Kabla ya kutembea usiandike, kwa sababu kichwa kilichopanda huandika malalamiko. Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika unayoweza kuyagusa wiki hii, kulia yale usiyoweza: bei ya mbolea, mvua, mwenzako wa kikundi aliyekimbia na mkopo. Upande wa kulia ukishaandikwa haurudiwi. Upande wa kushoto usizidishe mambo matatu, na kila moja liwe na siku, saa na mtu. "Kulipa deni" si kazi, ni kilio. "Jumatano saa mbili asubuhi, mteja wa Uyole akifungua duka, nampigia anilipe ya gunia la maharage" hiyo ndiyo kazi.

Sasa hilo rejesho lenyewe, maana hapa ndipo penye uhondo. Shilingi 30,000 inaonekana mlima kwa sababu unaikabili Alhamisi usiku ikiwa nzima. Igawe kwa siku tano za biashara, Jumamosi, kisha Jumatatu hadi Alhamisi, unapata 6,000 kwa siku. Itenge kabla ya saa sita mchana, kutoka mauzo ya kwanza. Wanaotenga jioni hawatengi, kwa sababu jioni kuna mboga, kuna nauli, kuna jirani wa meza anayeomba chenji harudishi. Iweke kwenye kopo lenye kufuli au kwenye laini ya simu ambayo wateja hawaijui. Isichanganyike na hela ya mzigo. Mzigo ukiliwa na rejesho, wiki inayofuata huna cha kuuza, na hapo ndipo watu wanapoangukia mikopo ya kausha damu ili walipe mkopo mwingine.

Jumatano jioni hesabu. Unatakiwa uwe na 24,000. Ukiwa na chini ya 18,000, Alhamisi asubuhi mpigie mwenyekiti. Mwambie ulicho nacho na siku utakayomalizia: "Mama, nina elfu kumi na saba mkononi, zilizobaki nazileta Jumatatu saa nne." Usianze na historia ya ada na mgonjwa, kila mwanakikundi ana yake. Ukisema Alhamisi, wenzako wanapata siku nzima ya kupanga nani akubebe. Ijumaa mbele ya mkutano tayari umewaaibisha na wao, maana wanakudhamini.

Kuna wanaosema habari za kuandika ni mambo ya wasomi na wazungu. Nimezoea kuambiwa hivyo, na wanaosema wengi ndio wenye daftari la madeni ya wateja lenye kurasa hamsini. Mwaka 2018 mtafiti wa usingizi Michael Scullin na wenzake kule Texas, Marekani, waliwapa watu dakika 5 kabla ya kulala. Walioandika kazi zinazowangoja walisinzia mapema kwa takriban dakika 9 kuliko walioandika kazi walizokwisha kuzimaliza, na aliyeandika kwa undani zaidi aliwahi zaidi. Dakika 9 si muujiza. Lakini ni bure.

Mawazo yanayorudi yapangie saa yake. Dakika 20, mfano saa kumi na moja jioni ukifunga meza, sehemu ileile, kamwe si kitandani. Yakija saa nne asubuhi andika neno moja pembeni, uendelee kupima mchele. Siku tatu za kwanza hayatatii, na wengi hapo ndipo wanapoacha. Na kahawa ya saa kumi alasiri iache: kwa mtu wa kawaida, nusu ya kafeini, ile inayofukuza usingizi, huwa bado imo mwilini saa tatu usiku. Chai ya rangi nzito ni hivyohivyo, ila yenyewe ina kafeini pungufu.

Ukiwa unaingia kwenye mazungumzo magumu, usijilazimishe kutulia. Mtafiti Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha mwaka 2014 kwamba walioambiwa wajisemee wana hamu, kabla ya kuimba au kuhutubia, walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie. Jiambie "nimepania leo". Moyo utaendelea kudunda, na udunde, uko kazini.

Ila msongo una kipimo, na hapa ndugu zangu sitanii. Usingizi ukikupotea wiki mbili mfululizo, ukianza kunywa ili ulale, au ukiwaza kwamba heri usingekuwepo, daftari liweke pembeni. Nenda hospitali, na kwa hilo wazo la mwisho nenda leo, ukiwa na mtu. Usimruhusu yeyote akwambie ni uvivu wa kusali. Sali, na uende.

Presha nayo ipimwe, isikisiwe kwa mapigo ya moyo. Kaa kimya dakika 5 kabla ya kupima, miguu sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, bila kahawa nusu saa iliyotangulia. Ukifika umepanda ngazi mbio kipimo kitadanganya. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, muone daktari, na kama ulishaandikiwa vidonge usiviache kwa kuwa wiki hii rejesho limekamilika.